Kabla Hujakata Jora: Ushauri kwa Wabunifu wa Vitambaa wa Hasamba

Simama ng'ambo ya barabara kuu pale Tunduma, utazame vitambaa vilivyotundikwa mbele ya maduka. Kutoka hapo huoni mkono wa mtu. Huwezi kujua kama nta ilipakwa kwa brashi au kwa muhuri, wala kama kitambaa kilichovywa mara moja au mara tatu. Unachokiona ni ukubwa: duara kubwa jekundu, mistari mipana, au vitu vidogo vidogo ambavyo kwa mbali vimechanganyika vikawa rangi moja ya vumbi. Ukivuka na kukishika kitambaa, mambo yanabadilika. Sasa jicho linatafuta nyufa za nta, kingo za ua, na upande wa ndani kama umeshika rangi sawa na wa nje. Mnunuzi anayetoka Nakonde hutazama kwa utaratibu huo huo. Ukubwa wa nakshi humsimamisha, ufundi humfanya atoe pesa.

Ndiyo maana nawaandikia wenzangu mnaotengeneza batiki na vitambaa vya kufunga na kutia rangi katika kata ya Hasamba na kata jirani za Mbozi. Vipande vya majaribio ninavyoonyeshwa na vikundi vingi vinafanana: kila kimoja kina ukubwa wa karatasi ya daftari, ua limekaa katikati, na kila kipande kina ua lake. Maua kumi, ukubwa mmoja, ufundi mmoja. Kazi hiyo ni nzuri kwa mwanafunzi anayejifunza kushika brashi, lakini haimwambii mbunifu jambo analohitaji kulijua kabla ya kununua jora. Mimi nakushauri ugeuze hesabu: chukua ua moja, ulijaribu kwa vipimo mbalimbali na kwa ufundi mbalimbali, mpaka ulijue tabia yake yote.

Tuanze na kilichopo mlangoni. Mbozi ni nchi ya kahawa; hata kituo cha utafiti cha TaCRI kipo Mbimba, hapo hapo wilayani. Chuma tawi moja la mbuni lenye matunda, uliweke mezani na ulichore kwa saa nzima kabla ya kufikiria kitambaa. Utaona majani yanatoka mawili mawili, moja likiangaliana na jingine. Kingo zake zina mawimbi, na mishipa imezama kidogo kwenye ngozi ya jani inayong'aa. Matunda yamesongamana penye maungio ya jani na tawi, mengine mekundu na mengine bado mabichi, na kila tunda lina kovu dogo la duara kwenye ncha, mahali ua lilipodondoka.

Sasa lichore tawi hilo kwa vipimo vitatu: sentimita 2, sentimita 8, na sentimita 30. Wengi hudhani kazi hii ni ya mashine ya fotokopi tu: unapeleka mchoro dukani Vwawa, unaambiwa asilimia 200, asilimia 400, unalipa unaondoka. Fotokopi itakusaidia kupata umbo, lakini haitakufanyia uamuzi. Kwenye sentimita 2 tawi lenye kila kitu linakuwa doa. Huna budi kuondoa: bakiza matunda mawili na mstari wa jani, basi. Kwenye sentimita 8 majani mawili na kishada cha matunda vinatosha, na mishipa ya jani inaweza kuwa mistari mitatu. Kwenye sentimita 30 mambo ni kinyume. Mchoro uliokuwa mzuri ukiwa mdogo sasa una mapengo matupu. Jani limekuwa bapa kubwa la rangi lisilo na uhai. Hapo ndipo unapoongeza mishipa yote, mawimbi ya kingo, tunda bichi kando ya lililoiva, na lile kovu la nchani ambalo hakuna ambaye angeliona kwenye kipimo kidogo. Unene wa mstari nao uuangalie upya. Mstari wa milimita 2 unaofaa kwenye ua la sentimita 8, ukikuzwa pamoja na ua hadi sentimita 30, unakuwa mnene kama kamba. Usipokuzwa, unaonekana kama uzi uliopotea. Jaribu njia zote mbili, kisha jaribu ya katikati.

Karatasi ni rahisi kuliko bafta, kwa hiyo maliza makosa yako kwenye karatasi. Nunua ile ya kaki wanayotumia mafundi kukatia ruwaza, kata nakala za ua kwa kila kipimo, uzipange juu ya karatasi yenye upana wa kitambaa chenyewe. Kitenge cha kawaida kina upana wa takriban sentimita 115. Bandika karatasi hiyo ukutani, urudi nyuma hatua kumi. Kisha mfunge mtu kiunoni. Ndiyo, karatasi. Utashangaa jinsi ua la sentimita 30 lililopendeza ukutani linavyokatika nusu kwa mkunjo, na jinsi lile la sentimita 2 ulilolidharau linavyotulia vizuri mwilini.

Hapa lazima nitenganishe kanga na kitenge, maana watu wa batiki huvichanganya wakapoteza kitambaa. Kanga imebuniwa kama kitu kizima. Ina ukubwa wa takriban sentimita 150 kwa 110, ina pindo pande zote nne, ina mji katikati na maneno yake chini ya mji. Haitakatwa, itafungwa na kutandwa kama ilivyo. Kwa hiyo mji unaweza kuwa na korosho moja kubwa ya kutanda nusu ya kitambaa na isilete shida. Kitenge kinakwenda kwa fundi, na fundi ana mkasi. Atatafuta ua la kukaa kifuani, atakwepa maua mawili yasiangukie mahali yatakapoleta kicheko, atajitahidi mshono wa pembeni usikate ua vibaya. Kadiri ua linavyokuwa kubwa ndivyo anavyotupa vipande vingi zaidi, na mteja ndiye anayelipia vipande hivyo. Kabla hujaamua kipimo, kaa na fundi mmoja wa Vwawa au Mlowo, mwekee karatasi zako, umwombe apange juu yake ruwaza ya gauni na ya shati. Atakwambia kwa dakika chache mambo ambayo wewe mbunifu huyaoni.

Ukishapata vipimo, nenda kwenye ufundi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo pesa inapopotea au kupatikana. Tuseme ua lako lina sentimita 4, na kila moja umelipa nafasi ya sentimita 8 kwa 8. Mita moja ya mraba itabeba maua zaidi ya 150. Likuze liwe la sentimita 16, kwenye nafasi ya 32 kwa 32, na mita hiyo hiyo itabeba kama 10 tu. Mtu anayepaka maua 150 kwa brashi kila mita atachoka kabla ya saa sita mchana, na la mwisho halitafanana na la kwanza. Ua dogo linataka muhuri. Ua kubwa linataka brashi, kwa sababu muhuri mkubwa ni mzito, nta hupoa juu yake kabla hujaukandamiza, na huacha mabaka pale ulipotaka ukamilifu. Ukiwa na muhuri wa sponji ya godoro uliokatwa kwa wembe na kugundishwa kwenye kibao, ukubwa wa kiganja ni mpaka mzuri. Ukitaka kitu kikubwa kuliko hapo na bado unataka muhuri, ligawe ua: muhuri mmoja wa jani, mmoja wa tunda, mmoja wa ncha ya tawi. Ukiwa na mihuri hiyo mitatu unaweza kujenga tawi la sentimita 20 leo na la mita nzima kesho, bila kuchonga kitu kipya.

Fanya basi vipande vya ua la kahawa kwa brashi, kwa muhuri, na kwa kufunga. Usichague mapema kipi ni kizuri. Kwenye brashi, tazama mstari mwembamba kabisa unaoweza kuuchora bila kukatika. Kwa wengi hauwezi kushuka chini ya milimita 3. Wajava wa Indonesia, ambao batiki yao ndiyo iliyoigwa na viwanda vya Uholanzi kama Vlisco, kilichoanzishwa mwaka 1846, wana kikalamu cha shaba chenye bomba jembamba kiitwacho canting, nacho huchora mistari myembamba kama unywele. Fundi wa mabati anaweza kukutengenezea cha kwake kwa kipande cha shaba nyembamba, na mara utakapokuwa nacho, ua la sentimita 8 linaweza kubeba mishipa ya jani ambayo brashi ilikunyima. Hivyo kifaa kimebadilisha kipimo. Ndiyo sababu sikubali mtu aamue ukubwa peke yake, kisha ufundi peke yake.

Nta yenyewe ni jaribio. Parafini ya mishumaa hupasuka kirahisi na kuacha nyufa nyingi za rangi. Nta ya nyuki ni laini, hunata, na haipasuki sana. Anza na sehemu sawa za kila moja, kisha fanya kipande kingine chenye parafini zaidi, na kingine chenye nta ya nyuki zaidi, kwa ua lile lile. Kwenye ua la sentimita 30 nyufa nyingi hupendeza, zinajaza bapa la jani na kulipa uhai. Kwenye ua la sentimita 2 nyufa hizo hizo hulimeza ua zima. Joto nalo uliangalie kwa macho: ukipaka nta, geuza kitambaa. Ikiwa upande wa pili umelowa na kuwa kama karatasi yenye mafuta, imepenya. Ikiwa juu imekaa nyeupe nyeupe, nta ni ya baridi na rangi itaingia chini yake. Ikitoa moshi, imezidi moto. Itoe jikoni mara moja. Yeyusha nta kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine ya maji, usiiache peke yake, na ikishika moto funika kwa mfuniko. Usimwage maji.

Kwenye kufunga, ukubwa wa duara unatokana na unachofungia ndani. Punje ya mahindi, harage, punje ya kahawa, kokoto ya mtoni: vyote vipo Hasamba bila kununua. Wayoruba wa Nijeria wamefanya hivi kwa vizazi katika vitambaa vyao vya adire, wakifunga mbegu moja moja hadi kitambaa chote kikajaa maduara madogo. Wana pia adire nyingine ambayo badala ya nta hupakwa uji mzito wa muhogo. Uji huo unakauka, unazuia rangi, kisha unakwanguliwa. Mtu wa Hasamba aliye na unga nyumbani na hana pesa ya nta anaweza kuanza majaribio yake hapo, mradi atumie rangi ya kuchovya kwenye maji baridi na asikiloweshe kitambaa muda mrefu.

Kuhusu rangi nitasema yanayohusu majaribio, na usalama kwanza. Rangi za unga ambazo watengeneza batiki wengi huzitumia huchanganywa na soda ya kostiki na haidrosalfaiti. Weka kostiki kwenye maji kidogo kidogo. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Vaa glavu za mpira na kitu cha kukinga macho, fanya kazi nje au penye hewa, na watoto wakae mbali. Usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu kostiki huila. Tumia beseni la plastiki au chombo cha chuma cha pua. Haidrosalfaiti iwe mahali pakavu na mkebe uwe umefungwa. Ukitoa kitambaa kwenye rangi, kitaendelea kubadilika kikikutana na hewa, na kikiwa kimelowa kitakuwa cheusi kuliko kitakavyokuwa. Usiamue chochote juu ya rangi mpaka kipande kimetolewa nta, kimefuliwa na kukauka kivulini.

Kabla ya hayo yote, fua kitambaa kibichi kwa maji ya moto na sabuni. Bafta mpya ina wanga wa kiwandani unaozuia rangi kuingia. Chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa penseli, ufue, uupime tena. Tofauti utakayoiona ndiyo itakayobadilisha marudio ya nakshi yako ukifika kwenye jora. Na kipande cha mwisho cha majaribio, kile utakachomwonyesha mteja, lazima kiwe cha kitambaa kile kile utakachouza. Ua lililokaa vizuri kwenye bafta nyepesi linaweza kulegea kwenye kitambaa kizito, kwa sababu nta inahitaji joto zaidi kupenya.

Kila kipande kikishakamilika, kikate nusu. Nusu moja iweke kabatini. Nyingine ifue kwa sabuni ya kawaida mara kadhaa na uianike juani kwa wiki mbili. Kisha ziweke kando kando. Hii ndiyo hukumu ya kweli ya rangi yako, na mteja wa Tunduma ataifanya hata usipoifanya. Shonea kila kipande kadi yenye aina ya kitambaa, uwiano wa nta, rangi na kiasi chake, muda wa kuchovya, ukubwa wa ua, muda uliotumia kwa mita, na gharama. Andika siku hiyo hiyo. Kikundi kisicho na kadi hizi hurudia jaribio lile lile kila msimu na kulilipia upya.

Jambo jingine la ukubwa linawahusu wanaoota kiwanda. Silinda nyingi za kuchapia vitambaa viwandani zina mzingo wa sentimita 64. Nakshi yako ikijirudia kila sentimita 64, 32 au 16, inaingia kwenye silinda bila kubaki pengo. Ikijirudia kila sentimita 25, itabidi ichorwe upya. Huna sababu ya kuibana batiki yako ya mkono kwenye hesabu hiyo, lakini ukiwa na uchaguzi kati ya marudio ya 30 na ya 32, chagua 32. Haigharimu kitu.

Usidhani kipimo kinaishia kwenye mita moja. Kule Ndolezi kuna kimondo cha Mbozi, cha chuma kwa takriban asilimia 90, kirefu kama mita 3. Kikundi kikiomba ruhusa ya kwenda kukichora, nashauri kisichore kimondo kizima, kwa kuwa umbo lake kwenye kitambaa litaonekana kama kiazi. Sogea karibu. Chora sehemu ya ukubwa wa kiganja tu, yenye vishimo vyake vifupi, kivuli upande mmoja na mng'ao upande mwingine. Kisha ikuze sehemu hiyo ijaze upana wote wa kitambaa. Hutapata kimondo, utapata mawimbi ya giza na mwanga yanayofaa sana nta yenye nyufa, na hakuna nakshi ya duka itakayofanana nayo. Jaribio la namna hii, la kuchukua kitu kidogo cha kitu kikubwa, lifanye pia kwenye kahawa: lile kovu la tunda, duara ndani ya duara, likikuzwa hadi sentimita 40 ni nakshi kamili peke yake.

Na wale mnaopenda kufuma, kumbukeni ukanda huu si mgeni wa pamba. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita kuelekea Ziwa Rukwa waliwakuta watu wakisokota na kufuma pamba yao wenyewe, kabla vitambaa vya kutoka ng'ambo havijajaa sokoni. Kwenye ufumaji kipimo huhesabiwa kwa nyuzi. Mstari wa nyuzi 2, wa nyuzi 10 na wa nyuzi 40 kwa rangi ile ile, kando kando kwenye kipande kimoja, ni jaribio la kutwa moja na linafundisha kuliko maelezo yoyote.

Ukishapata vipande vitatu au vinne unavyoviamini, vipeleke Tunduma siku ya kawaida ya biashara. Usiviweke mezani, vitundike. Viwe na urefu wa mita moja na upana kamili, kando ya vitenge vya watu wengine, na wewe ukae pembeni uangalie watu wanasimama wapi. Usiwaulize ndugu zako, watakupenda hata ukikosea. Mwulize mwenye duka ni kipi angekiweka mbele, na mwanamke aliyekishika kipande kwa muda mrefu mwulize angekishona nini. Jibu la “gauni” linataka ua la kati. Jibu la “shuka ya kitanda” au “pazia” linaruhusu lile la sentimita 30 na zaidi. Kisha rudi Hasamba, tia rangi mita 4 za kile kilichochaguliwa, mpe fundi ashone vazi moja, na mtu alivae kutwa nzima, akae, ainame, apande bodaboda. Ua likikaa sawa mwishoni mwa siku hiyo, hapo ndipo ununue jora.